Mnunuzi Anayejua

Swali langu ni fupi. Umeingia nyumbani kwa mtu, umekaribishwa chai, na juu ya kabati umeona kitu ambacho wewe unajua kinauzwa wapi na kwa bei gani, ila mwenyewe hajui. Anataka kukiuza. Anataja bei ndogo kabisa. Je, unatoa pesa na kuondoka, au kwanza unafungua mdomo?

Msomaji mwenzangu, usikimbilie kujibu. Kijiweni sote ni watu wema. Kila mtu atakwambia, "Aa, mimi nitasema ukweli, bwana." Lakini wengi wanaosema hivyo hawajawahi kushika mkononi kitu cha shilingi elfu sabini kilichotajwa kwa elfu tano. Pesa ikiwa karibu kiasi hicho, hata ulimi unakuwa mzito. Kwa hiyo naomba tulizungumze jambo hili polepole, na kwa mfano mmoja ninaoufahamu: vyombo vya maua vya kioo cha moshi vinavyotoka katika nyumba za Korogwe na Handeni.

Wengi wenu mmeviona bila kuvitazama. Ni vyombo vya kioo kizito, cha kijivu au cha kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Kitako ni kinene, shingo nyembamba. Husimama juu ya kitambaa cha kufuma, jirani na picha ya harusi na redio iliyokufa zamani, na ndani yake mna maua ya plastiki yaliyoshika vumbi. Katika nyumba nyingi za Handeni sijawahi kukuta hata kimoja chenye maji. Handeni maji yana historia yake. Mwanamke aliyeteka ndoo lamboni na kuileta nyumbani kwa kichwa hamimini maji hayo kwenye maua.

Tuseme kidogo juu ya kioo chenyewe, maana ndipo ilipo siri. Huo moshi si moshi. Kioo ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa kwa moto mkali. Mafundi wakichanganya humo madini kidogo kama chuma, nikeli au manganizi, kioo kinatoka na giza lake. Kati ya miaka ya 1950 na 1970 rangi hiyo ilipendwa sana Ulaya. Kiwanda cha Holmegaard cha Denmark kilikuwa na mbunifu aitwaye Per Lütken, aliyefanya kazi hapo tangu 1942 hadi alipofariki mwaka 1998, na vyombo vyake vya rangi ya moshi vinatafutwa na wakusanyaji mpaka leo. Chekoslovakia nao walikuwa mabingwa wa kioo cha rangi. Hata zile sahani na bilauri za kahawia za Duralex kutoka Ufaransa, ambazo mama zetu walizificha kabatini zikisubiri wageni, ni ndugu wa jikoni wa vyombo hivi.

Vilifikaje Korogwe? Njia kubwa ni mkonge. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yakaenea bonde zima, Hale, Ngombezi na kwingineko, na juu ya vilima zikajengwa nyumba za mameneja: Wajerumani, Wagiriki, Waingereza, Wahindi. Huku bondeni waliishi manamba, watu waliotolewa mbali na kuitwa kwa namba badala ya majina yao. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mashamba mengi yalitaifishwa na mameneja wengi wakafunga virago. Katika nyumba nilizoingia husimuliwa jambo moja: bwana alipoondoka, vyombo vilibaki kwa mpishi, kwa dereva, kwa karani. Vingine viliuzwa kwa bei ya kutupa. Kisha mabinti wa Korogwe wakaolewa Handeni, na vyombo vikavuka nao.

Sasa miaka hii vijana wa Dar es Salaam wamevigundua. Wanavitaka vya zamani, si vile vipya vinavyojaa madukani. Wanaviweka dirishani ili jua la asubuhi lipite ndani, wanatia majani makavu, wanapiga picha. Si ubaya hata kidogo. Mimi mwenyewe ni mmoja wao: navikusanya, vingine nabaki navyo, vingine nauza. Nafahamu raha ya kuinua chombo kichafu cheusi mbele ya dirisha, ukaona kumbe ndani mna rangi tatu zilizolala.

Lakini raha hiyo inatokana na kujua. Anayejua hutazama mambo ambayo mwenye chombo hajayatazama kwa miaka arobaini. Huangalia kama rangi imo ndani ya kioo au imepakwa juu. Hutafuta ubavuni mstari wa kalibu, ambao huonyesha kwamba chombo kilitengenezwa ndani ya kalibu. Hukigeuza kitako, akitafuta kovu la mviringo pale fundi alipokikata kutoka kwenye chuma chake. Na mara chache, akibahatika, hukuta hapo kitakoni maandishi membamba yaliyochorwa kwa ncha kali: jina la kiwanda, herufi za mbunifu, pengine na mwaka. Mwenye nyumba ameyaona siku zote akadhani ni michubuko tu. Bei imeandikwa hapo, na yeye haoni kwamba ni maandishi.

Ndiyo hapo swali letu linapoanza kuuma.

Rafiki yangu mmoja, tuliyekuwa tukikaa naye pale Manundu, Korogwe, anafanya kazi hiihii na hana shaka yoyote. Nampa nafasi aseme, maana hoja zake si za kipuuzi.

"Kwanza," anasema, "mimi sijamlazimisha mtu. Bibi ametaja bei mwenyewe, nimempa, ameshukuru, kanipa na maembe. Pili, hicho chombo yeye hakipendi. Anataka cha plastiki chenye maua mekundu. Nisipokinunua, kesho mjukuu anakipiga mpira. Tatu, nimejifunza. Nimekesha nikisoma mambo ya vioo, yeye alikuwa amelala. Kujua ni mtaji wangu kama vile shamba lilivyo mtaji wake. Na nne, nauli nani ananilipia? Kikivunjika Chalinze, bibi atanirudishia hela?"

Ukimsikiliza harakaharaka unaona kama amemaliza mjadala. Mimi nadhani hoja moja kati ya hizo nne ni ya kweli kabisa, mbili ni nusu, na moja inaficha jambo.

Wala si sisi wa kwanza kugombana juu ya hili. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi Cicero aliandika kitabu juu ya wajibu wa mtu. Humo anasimulia habari za mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, akitokea Aleksandria. Njiani ameona merikebu nyingine zimejaa nafaka, zinakuja. Awaambie watu wa Rhodes, bei ishuke? Au anyamaze auze ghali? Cicero anasema wanafalsafa wawili walitofautiana: Diogenes wa Babiloni aliona kwamba kunyamaza si kuficha, Antipater akaona kwamba mtu hana haki ya kunyamazia jambo linalowagusa wenzake kiasi hicho. Cicero mwenyewe alisimama na Antipater.

Lakini katika kitabu hichohicho kuna kisa kinachotuhusu zaidi, kwa sababu humo anayejua ni mnunuzi. Kulikuwa na mtu aitwaye Quintus Scaevola, alitaka kununua shamba. Akamwomba mwenye shamba ataje bei moja ya mwisho. Mwenye shamba akataja. Scaevola akasema, kwa kadiri ninavyoliona mimi, shamba lako lina thamani zaidi ya hapo. Akaongeza sarafu 100,000. Cicero anaeleza kwamba kila aliyesikia habari hiyo alikubali kwamba Scaevola ni mtu mwema, ila wengi walikataa kwamba ni mtu mwenye akili.

Je, hayo si maneno ya kijiweni kwetu? Mwema, ndiyo, mjanja, hapana. Zaidi ya miaka elfu mbili imepita na bado tunamcheka Scaevola kwa kicheko kilekile.

Upande wetu wa pwani tuna fundisho jingine, na hili limekaa karibu zaidi na barabara zetu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kwenda kuulaki msafara na kununua bidhaa zake kabla haujafika sokoni. Sababu iko wazi: mwenye msafara, akiwa bado jangwani, hajui bei ya mjini. Tena fundisho linaongeza kwamba aliyenunuliwa namna hiyo, akifika sokoni akaona bei, ana hiari ya kuuvunja mkataba. Neno hilo tunalolitumia kila siku bila kufikiri, hiari, ndilo neno lenyewe la kisheria. Aidha inasimuliwa juu ya Sahaba wake, Jarir bin Abdillah, kwamba alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona farasi akamwambia muuzaji kwamba anastahili zaidi, akapandisha bei yeye mwenyewe hadi 800. Huyu ni Scaevola mwingine, wa nchi nyingine na imani nyingine.

Nimesema fundisho hilo la misafara liko karibu na barabara zetu, na sikusema kwa mapambo. Bonde la mto Pangani, linalopita Korogwe, lilikuwa njia ya misafara kutoka pwani kwenda Usambara na Kilimanjaro. Na kioo kilipita hapa muda mrefu kabla ya vyombo vya maua: kilikuja kama shanga, nyingi zikitoka Venice, zikibadilishwa na pembe za ndovu. Tusiwadharau wazee wetu hapa. Walijua wanachotaka. Mfanyabiashara aliyebeba shanga za rangi isiyopendwa mahali fulani alirudi nazo, au akafa njaa nazo. Juu ya shanga wenyeji walikuwa wataalamu. Ambacho wengi wao hawakupata kukijua ni bei ya pembe ng'ambo ya bahari, huko zilikogeuzwa vinanda na mipira ya meza. Pande zote mbili zilijua bei ya upande huu. Upande mmoja tu ulijua bei ya upande wa pili. Faida kubwa ilikaa hapo.

Handeni inajua kisa kichungu zaidi ya hicho. Masimulizi ya Wazigua, ambayo wajukuu zao wa kusini mwa Somalia, kando ya mto Juba, wameyahifadhi pia, yanasema kwamba wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1830 watu waliteremka pwani kutafuta chakula. Wakaahidiwa kazi na chakula ng'ambo. Wakapanda majahazi, na walipofika wakajikuta wameuzwa. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 viliwarudisha baadhi ya wajukuu hao Tanzania wakiwa wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ya babu zao. Silinganishi chombo cha maua na binadamu. Mtu asinielewe vibaya. Nasema tu kwamba aliyesimama kwenye jahazi alijua linakokwenda, na mwenye njaa hakujua. Uovu ule ulikuwa na mambo mengi ndani yake, na mojawapo lilikuwa mtu anayejua aliyeamua kumwacha mwenzake gizani.

Hebu turudi kwenye umri wetu. Wazazi wetu walikua katika zama za bei za serikali. Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1983 nchi nzima ilitikiswa na msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Wakati huo bei ya haki ilikuwa ile iliyobandikwa ukutani, hata kama dukani hamna bidhaa. Baadaye ukaja wakati wa Mzee Mwinyi, 1985 hadi 1995, wakati wa ruksa. Bei zikafunguliwa, mitumba ikajaa, watu wakapumua. Mimi siutukani wakati ule. Lakini nadhani katika kuruka kutoka zama moja hadi nyingine tulidondosha jambo. Zamani tulidhani serikali ikishataja bei, dhamiri imemaliza kazi. Kisha tukadhani serikali ikinyamaza, dhamiri nayo inyamaze. Soko huria likageuka jina la heshima la kila mtu na lwake.

Sasa nimjibu rafiki yangu.

Hoja yake ya nauli naikubali moja kwa moja. Tuchukue mfano: chombo kimenunuliwa kwa elfu tano, kikauzwa Dar kwa elfu sabini. Nauli, boksi, magazeti ya kufungia, na fungu la hasara kwa kile kitakachovunjika njiani, tuseme ni elfu ishirini. Hizo ni zake bila mjadala. Zinabaki elfu arobaini na tano. Hizi ni za nani?

Yeye anasema ni zake kwa sababu amejifunza. Hapa ndipo nusu ya ukweli ilipo. Kujifunza ni kazi na kazi ina ujira. Daktari naye amekesha akisoma, na tunamlipa. Lakini daktari anamuuzia mgonjwa ujuzi wake. Hautumii dhidi ya mgonjwa. Akikuambia una ugonjwa huu na dawa ni hii, ujuzi umehama kutoka kwake kuja kwako, ndiyo maana unalipa. Rafiki yangu hampi bibi chochote anachokijua. Anakaa nacho mfukoni, na kadiri anavyokibana ndivyo anavyopata.

Mimi hutumia kipimo kimoja chepesi. Fungua mdomo useme bei, halafu tazama faida gani imebaki. Kama bibi, akishajua, atasema, "Haya mjukuu wangu, wewe ndiye mwenye miguu na watu wa kuwauzia, nipe elfu ishirini na tano, zako chukua," basi zile zilizobaki ni ujira wako halali, umelipwa kwa macho yako na miguu yako. Faida inayoyeyuka kwa sababu tu umesema ukweli haikuwa ya kazi yako. Ilikuwa ya giza lake.

Na ile hoja kwamba bibi amekubali mwenyewe? Kukubali ni jambo kubwa, lakini mtu hukubali kile anachokiona. Yeye amekubali kuuza jagi kuukuu la maua. Wewe umenunua kazi ya fundi wa Ulaya yenye sahihi. Mmeshikana mikono juu ya vitu viwili tofauti.

Mtu atauliza, je, na sokoni Kariakoo nako tutaambiana? Hapana, sidai hivyo. Wafanyabiashara wawili wakikutana sokoni, kila mmoja amekuja kuuza na kununua, kila mmoja anaweza kuuliza duka la pili. Pale kila mtu amekwenda akijua ni mchezo gani. Lakini sebuleni kwa bibi mimi sikuingia kama mfanyabiashara. Nilibisha hodi, nikasema "Shikamoo bibi," akaitikia "Marahaba mjukuu wangu, karibu ndani." Nikapewa kiti chenye kitambaa kizuri. Nikaulizwa habari za mama. Undugu huo ndio uliomfanya ataje bei ndogo, maana nani anamtajia mjukuu bei ya ukali? Halafu nikitoka nje ya kizingiti nageuka kuwa soko huria. Hapa ndipo penye aibu, kuliko kwenye hesabu yenyewe: tunaingia kwa undugu ili bei ishuke, tunatoka kwa biashara ili ipande.

Hapo ningeweza kuweka nukta, na makala hii ingekuwa safi. Lakini ukweli nao una gharama, na anayeuhubiri lazima aitaje.

Katika kijiji kimoja cha Handeni nilikuta chombo cha moshi cha urefu wa mkono, kizito, chenye maandishi kitakoni. Mwenyewe ni bibi mjane, alikuwa akitafuta pesa za madaftari ya mjukuu. Akataja elfu tano. Nikamgeuzia kitako, nikamwonyesha yale maandishi, nikamwambia kwa mjini kinaweza kufika elfu sabini. Alicheka sana. Akasema, "Wewe mtoto unanitania. Hili jagi la kuwekea maua ya uongo?" Nikamhakikishia. Akanyamaza, akalitazama kwa muda. Mwishowe akasema hauzi kwanza, atafikiri. Nikamwachia pesa za madaftari, nikaenda zangu.

Nilipopita tena baada ya miezi, juu ya kabati hapakuwa na kitu. Nikadhani ameuza. Kumbe amelifunga kwenye kanga, amelitia sandukuni, sanduku lina kufuli. Wanawe walioko Tanga wamesikia, na kila mmoja ameshapiga simu kuuliza litauzwa lini na mgao utakuwaje. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mjukuu wangu, zamani nilikuwa nalitazama. Sasa nalilinda."

Rafiki yangu niliposimulia alipiga kofi la furaha. "Si unaona! Ningenunua mimi, bibi angekuwa na elfu tano yake na usingizi wake. Wewe na falsafa yako umemletea kufuli."

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi, na sikatai kwamba neno langu lilichukua kitu kutoka nyumba ile. Chombo kilikuwa pambo, kikawa pesa, na pesa haikai juu ya kitambaa cha kufuma. Hata hivyo bado nashikilia kwamba nilipaswa kusema. Ule usingizi anaousifu rafiki yangu ungelindwa kwa namna moja tu, nayo ni chombo kuondoka kabisa. Bibi asingebaki na pambo, wala pesa; angebaki na utulivu wa mtu asiyejua alichopoteza. Na nani alinipa mamlaka ya kumchagulia utulivu wa aina hiyo? Wanawe wakigombana, ni ugomvi wao juu ya mali yao. Kufuli ni lake. Akitaka kesho atalifungua, alirudishe jagi kabatini, aseme liwalo na liwe. Angalau sasa analo la kuamua. Ile hiari ya mwenye msafara ndiyo hii.

Lakini kisa hicho kimenifanya niseme ukweli kwa ukamilifu zaidi. Namba pekee haitoshi. Siku hizi namweleza mtu kwamba elfu sabini haimo ndani ya kioo. Iko Dar, mikononi mwa watu wachache wanaopenda mtindo huu kwa sasa, na mtindo hupita. Namweleza kwamba huenda chombo kikakaa mwaka bila mnunuzi, huenda kikavunjika. Namweleza nauli. Kisha tunapatana, ama nanunua palepale kwa bei ya katikati, ama nabeba, nauza, tunagawana. Baadhi wanauza. Baadhi wanakataa na kunipa maembe. Faida yangu ni ndogo kuliko ya rafiki yangu, na biashara yake imekua kuliko yangu. Sisemi hilo nihurumiwe. Nalisema ili mtu asidhani kwamba uadilifu una siri ya utajiri ndani yake.

Sasa ninyi waandishi wenzangu mnaweza kusema, haya mambo ya vyombo yanatuhusu nini sisi tunaohangaika na kalamu? Yanatuhusu kuliko yanavyowahusu wauza vioo. Nasi pia tunapanda basi kwenda Handeni na Korogwe na daftari mkobani. Tunabisha hodi, tunasema shikamoo, tunakaa kwenye kigoda. Bibi anatupa hadithi ya njaa, jina la mzimu, neno la Kizigua ambalo halimo katika kamusi, uchungu wa ndoa yake. Anatupa bure, kwa sababu sisi ni wajukuu. Sisi tunajua upande wa pili: tunajua kuna jarida, kuna shindano, kuna jina litakalochapwa juu ya ukurasa. Yeye anadhani anazungumza na mtoto wa fulani. Je, tumemgeuzia kitako cha hadithi yake aone maandishi? Tumemwambia, "Bibi, haya unayonipa nitayaandika, watayasoma watu wasiokujua, na jina litakuwa langu"?

Pengine akijua atanyamaza, na hadithi yetu nzuri itakufa. Basi na ife. Hadithi iliyokufa kwa namna hiyo ilikuwa ya mtu, naye ameamua kubaki nayo. Pengine akijua atasema, "Andika, lakini jina la mume wangu libadilishe." Au atasema, "Andika, ukimaliza uje unisomee." Kwenda kumsomea ni nauli ya basi, na nauli hiyo ni sehemu ya gharama ya kuandika.

Najua wapo watakaoona kwamba nimekuza jambo dogo. Chombo cha maua, jamani! Mimi nadhani ni vizuri kuanza na madogo, kwa sababu kwenye makubwa kila mtu ameshajiandaa kuwa mwema. Ardhi ikiuzwa, kuna mwenyekiti wa kijiji, kuna mihuri, kuna mashahidi. Kwenye jagi la maua hakuna shahidi. Mko wawili na chai, na mmoja wenu anajua.

Mara nyingine ukienda nyumbani kwenu, kabla mnunuzi yeyote hajapita, panda kiti ukishushe kile chombo cha moshi kilicho juu ya kabati. Kioshe vumbi, kigeuze, kiinue dirishani. Mwite mama au bibi aje atazame nawe. Kama hakuna maandishi, mtakuwa mmeona rangi. Kama yapo, yasomeni pamoja.